Siku ya Kupumzika ni ya Nani? Mjadala wa Sabato Njia Panda ya Mingoyo

Basi likitoka Lindi kuelekea kusini, Mingoyo ndiko safari inakoamuliwa. Pale Mnazi Mmoja barabara moja inakwenda Mtwara, nyingine inapanda Masasi kwa kupitia Nyangao na Ndanda. Abiria wananunua korosho dirishani, bodaboda wanagombea mizigo. Ijumaa, jua likizama, adhana ya magharibi inasikika, na wakati huohuo Msabato aliyepanga nyuma ya msikiti amekwisha kuoga, amekwisha kupika ya kesho, anafungua Sabato kwa wimbo wa Nyimbo za Kristo. Si kwamba wamepatana. Ni kwamba Mwislamu na Msabato wote wawili wanahesabu siku kuanzia machweo. Jirani yao Mkatoliki anahesabu kuanzia saa sita ya usiku, ingawa naye si mara zote.

Sauti nne zinazofuata nimezitunga. Wafalme, wamisionari na mahakama zinazotajwa humo si za kutunga. Mzee wa Kanisa ni Msabato mzaliwa wa Same aliyeletwa kusini na kazi ya serikali akastaafia hukuhuku. Katekista ni Mkatoliki wa upande wa Nyangao. Mwalimu alifundisha historia sekondari, ni Mwanglikana wa Masasi. Bibi ndiye mwenye mgahawa walipokaa, Mwislamu, na hoja zao anazisikiliza huku anahudumia wateja. Sharti langu lilikuwa moja: habari ya Jumamosi kuitwa mosi isiletwe mezani. Mijadala ya Sabato uswahilini huanzia hapo na kufia hapo.

KATEKISTA: Mzee, tuanze na lile mnalolitangaza kila mkifunga vipaza sauti uwanjani, kwamba Jumapili imeletwa na Konstantino.

MZEE WA KANISA: Silitangazi mimi, limeandikwa. Tarehe 7 Machi mwaka 321 Kaisari aliamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya jua. Hakuiita siku ya Bwana, aliiita ya jua. Kisha mtaguso wa Laodikia, katika karne hiyohiyo ya 4, ukawakataza Wakristo kuacha kazi siku ya Sabato. Sasa nikuulize, Katekista: watu wanapigwa marufuku jambo wasilolifanya?

KATEKISTA: Hapana, walikuwa wakilifanya. Lakini Yustino Mfiadini aliandika kule Roma yapata mwaka 155, akaeleza Wakristo wa mjini na wa mashamba wanavyokusanyika siku ya jua: wanasomewa, wanasali, wanashiriki mkate, wanachangia yatima na wajane. Mwaka huo hata babu yake Konstantino alikuwa hajazaliwa. Kaisari aliikuta Jumapili inatembea, akaipa mshahara wa serikali.

MZEE WA KANISA: Roma, Katekista. Umesema Roma.

MWALIMU: Hapo Mzee kashika penyewe. Sokrate wa Konstantinopoli, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 5, anasema karibu makanisa yote ya ulimwengu yaliadhimisha mafumbo siku ya Sabato kila juma, isipokuwa Aleksandria na Roma. Kwa hiyo Jumapili ni ya kale kuliko Konstantino, hilo Mzee inabidi ulimeze. Lakini Sabato nayo haikufa siku ile ya mwaka 321. Siku mbili zilikaa nyumba moja miaka mamia. Halafu ile sheria ya Kaisari ina kipande ambacho wahubiri wenu hawakisomi: wakulima waliruhusiwa kuendelea na kazi siku ya jua, wasije wakapitwa na wakati wa kupanda.

BIBI: Kaisari huyo alikuwa na akili. Wewe mwanangu, mvua ya kwanza ikinyesha Jumamosi hupandi?

MZEE WA KANISA: Sipandi, Bibi. Kutoka 34 inasema hata majira ya kulima na ya kuvuna upumzike. Napanda Jumapili.

BIBI: Na udongo ukiwa umeshakauka?

MZEE WA KANISA: Umekauka, Bibi.

Jibu hilo la maneno mawili nimeliacha lilivyo, kwa sababu ndilo gharama ya imani hii. Mtu anaweza kuwashinda Wasabato kwa Yustino, akashindwa nao shambani.

KATEKISTA: Lakini Mzee, dini yenu ina umri gani? Tusidanganyane. William Miller aliwaambia watu Marekani Bwana anarudi, wakangoja tarehe 22 Oktoba 1844, hakurudi. Waliobaki wakatafuta pa kushika, wakashika Jumamosi.

MZEE WA KANISA: Hilo hatulifichi, tunalifundisha watoto wetu. Ila Sabato hatukuianzisha sisi. Tuliipokea kwa mwanamke Mbaptisti wa Siku ya Saba, Rachel Oakes, katika kijiji cha Washington huko New Hampshire, 1844. Na Wabaptisti hao walikuwa wameipanda Marekani tangu 1671, mjini Newport, kutoka kwa ndugu zao wa Uingereza. Nahodha Joseph Bates akaandika kitabu chake 1846, Ellen White na mumewe wakaikubali, na kanisa likaundwa rasmi Battle Creek mwaka 1863. Sisi tulio vijana ni kanisa. Siku ni ya zamani.

MWALIMU: Kwa kuwa umemtaja Bates, mweleze Katekista habari ya saa.

MZEE WA KANISA: (Anacheka.) Mwalimu anapenda kutufunua. Bates alikuwa baharia. Alijua ukiwa ikweta jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, akaamua Sabato iingie saa kumi na mbili kamili popote duniani. Ndugu zetu wakafuata hivyo karibu miaka 10. Mwaka 1855 J. N. Andrews alipochunguza Maandiko akaonyesha ni machweo, si saa, nao wakabadilika.

MWALIMU: Kwa hiyo waanzilishi wenyewe waliifungua Sabato kwa saa ya mtu wa ikweta, wakiwa kwenye baridi ya Kaskazini. Hapa kwetu Bates asingepata tabu: machweo ya Mingoyo hayahami hata saa nzima kutoka mwezi huu hadi mwezi ule. Lakini mpeleke juu kabisa Norway mwezi Juni, jua halizami. Na mpeleke Samoa. Usiku wa tarehe 29 Desemba 2011 nchi ile ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe ili ifanye biashara vizuri na Australia na New Zealand. Ijumaa ya tarehe 30 haikuwapo. Watu walilala Alhamisi, wakaamka Jumamosi. Wasabato wa Samoa wakajiuliza: ya saba ni ipi, ya kalenda mpya au ile tuliyokuwa tukiihesabu? Kanisa likaamua waendelee na mzunguko wao wa siku saba bila kuuvunja. Leo Wasabato wengi wa Samoa wanakutana siku ambayo majirani zao wanaiita Jumapili, na wa Tonga wanafanya hivyo tangu zamani. Wapo waliokataa wakajitenga, wakafuata Jumamosi ya serikali.

BIBI: Wasabato wanaosali Jumapili!

MZEE WA KANISA: Bibi, wao hawakuhama. Kilichohama ni kalenda. Hoja hiyo ndiyo yetu tangu mwanzo: serikali haina mamlaka juu ya siku ya saba. Konstantino au bunge la Samoa, ni mamoja.

Hapo nakiri Mzee alimtoka Mwalimu vizuri.

MWALIMU: Basi nikupeleke mahali ambapo serikali ilikuwa upande wako, nione kama utaifurahia. Uhabeshi. Mtawa Ewostatewos, katika karne ya 14, alifundisha kwamba Wakristo waheshimu siku zote mbili, Sabato na Jumapili. Patriaki wa Aleksandria hakuitaka Sabato, na maaskofu wa Uhabeshi walikuwa wakitoka Misri, kwa hiyo wafuasi wake walikoseshwa upadri. Mwenyewe akahama nchi, akafia Armenia mwaka 1352. Watu wake hawakuacha. Walikaa mipakani, wakajenga monasteri zao, wakazidi. Mwaka 1404 Mfalme Dawit akawaruhusu washike siku yao. Mwaka 1450, kwenye mtaguso wa Debre Mitmaq, Mfalme Zara Yakobo akaifanya Sabato kuwa sheria ya Kanisa zima, na maaskofu wa Kimisri wakakubali.

MZEE WA KANISA: Bwana asifiwe. Afrika, Katekista! Miaka 400 kabla ya Rachel Oakes.

MWALIMU: Usiwahi kushangilia. Zara Yakobo hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliieneza Sabato kwa nguvu ya kiti chake, kama Kaisari alivyoieneza Jumapili. Na Wahabeshi hawakuiacha Jumapili, walizishika zote mbili, mpaka leo wanaziheshimu zote mbili. Wareno walipokuja wakawashutumu kuwa Wayahudi, Mfalme Gelawdewos akaandika maungamo yake mwaka 1555. Alisema wao hawaishiki Sabato kama Wayahudi wasiochota maji wala kuwasha moto. Wanaishika kwa kutoa sadaka ya altare na kulishana chakula. Wewe Mzee ambaye umepika Ijumaa ili moto usihangaikiwe Jumamosi, Gelawdewos angekutia kundi gani?

MZEE WA KANISA: Moto tunawasha, tunapasha chakula. Tunachokataa ni kazi.

KATEKISTA: Mwalimu, malizia. Najua unakokwenda.

MWALIMU: Nakwenda kwa Wajesuiti, samahani. Mfalme Susenyos alivutwa nao, akapiga Sabato marufuku, watu wakainuka na mikuki. Akaingia Ukatoliki hadharani mwaka 1622. Damu ikamwagika miaka 10, hadi 1632 alipoirudisha imani ya zamani na kumwachia mwanawe Fasilidas kiti. Wajesuiti wakafukuzwa.

KATEKISTA: Nimesikia, na sitawatetea. Ila Mzee naye asidhani huko kote watu walikuwa wakipigania hesabu ya siku. Walikuwa wakimkataa mgeni aliyekuja kuwaambia baba zao walisali vibaya.

BIBI: Sasa hapo ndipo nami naingia. Mnazungumza Habeshi na Samoa. Hapa kwetu nani aliwaleta? Maana nilipokuwa mdogo nilijua Wakristo wa aina mbili, wa Nyangao na wa Masasi.

KATEKISTA: Bibi anakumbuka vizuri. Wabenediktini walifungua Lukuledi 1895, Nyangao 1896. Maji Maji ikachoma misheni 1905, wakaanza tena Ndanda 1906.

MWALIMU: Na sisi tulitangulia. Askofu Steere alishukia Lindi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, akiwarudisha kwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wengi wakasema hapa panatutosha. Ndipo misheni ikaanzia.

MZEE WA KANISA: Sisi tulianzia kaskazini. Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda Upare ya Kusini mwishoni mwa 1903. Baada yao akaja Ernst Kotz, aliyejifunza Chasu, lugha ya Wapare, mpaka akalitafsiri Agano Jipya. Vita vya 1914 vilipofika na Waingereza wakawakamata Wajerumani, walimu Wapare ndio waliobaki na Sabato mikononi. Babu yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi wao. Mimi nilikuja huku na barua ya uhamisho. Ukiangalia Wasabato wengi unaowaona pwani hii, ni watu wa uhamisho: askari, wauguzi, walimu, wafanyabiashara kutoka Mara na Upare. Wenyeji wanaongezeka sasa.

MWALIMU: Lakini Sabato ilikuwa na njia nyingine, ya kusini, na hiyo ndiyo inayonivutia. Mwingereza Joseph Booth, yule aliyeandika kwamba Afrika ni ya Mwafrika, alijiunga na Wabaptisti wa Siku ya Saba wa Plainfield, New Jersey. Akaanzisha misheni Nyasaland iliyoitwa Plainfield. Mwaka 1902 Waadventista Wasabato waliinunua, wakamtuma Thomas Branch, Mmarekani mweusi, na familia yake. Ndiyo Malamulo ya leo. Peter Nyambo wa Nyasaland ndiye aliyefuatana na Arthur Carscallen kufungua Gendia, pembeni ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906. Na huyohuyo Nyambo, mwaka 1914, alikuwa London na ombi la Waafrika waliolalamikia ukoloni.

MZEE WA KANISA: Hilo la London sisi hatukulisoma kwenye Shule ya Sabato.

MWALIMU: Najua. Mtazame na Charles Domingo. Kasomeshwa na Waskoti wa Livingstonia, akawaacha, akaanzisha makanisa yake ya Sabato kaskazini mwa Nyasaland kuanzia 1910, na kalamu yake ikawachoma wazungu wote, serikali, misheni na makampuni. Mtazame Semei Kakungulu wa Buganda. Jemadari wa Waingereza, Mprotestanti, aliwatekea nchi kubwa mashariki mwa Uganda kisha wakampunguzia cheo. Akajiunga na Wamalaki waliokataa dawa, akazama katika Torati, mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe, akatoka kabisa kwenye Ukristo. Watu wake ndio Abayudaya wa Mbale, na Jumamosi wanaishika hadi leo. Mnaona mstari? Mwafrika aliyefundishwa kusoma Biblia aliikuta siku ambayo mwalimu wake haishiki. Akamwuliza. Mwalimu akakosa jibu la kumtosheleza, na kuanzia hapo mwalimu hakuwa mkubwa tena.

KATEKISTA: Majibu yalikuwapo. Ufufuko ni siku ya kwanza. Matendo 20 wanamega mkate siku ya kwanza.

MWALIMU: Yalikuwapo, Katekista, lakini yanahitaji Mapokeo, na Mapokeo yalikuwa mikononi mwa mzungu. Amri ya nne ilikuwa mkononi mwa kila aliyejua kusoma.

Kwa kadiri yangu, hii ndiyo sehemu nzito ya historia nzima, na ndiyo inayorukwa. Wasabato wanaieleza kama habari ya ukweli uliofichwa na Roma, wapinzani wao wanaieleza kama habari ya Wamarekani waliokosea tarehe. Afrika Mashariki na Kati, miaka ile ya ukoloni, siku ya saba ilikuwa pia swali la mtawaliwa kwa mtawala: wewe uliyeniletea sheria, mbona hii huifuati?

BIBI: Mimi sikusoma. Ila sisi Ijumaa hatulali. Adhana ikiita unaacha biashara, ukimaliza kuswali unatawanyika kutafuta riziki. Sasa ninyi Jumamosi ni siku nzima. Mwenye duka lake sawa. Kijana wa bodaboda wa mkopo je? Tajiri anataka hesabu yake kila siku.

MZEE WA KANISA: Wapo walioacha pikipiki, Bibi. Wapo waliofukuzwa kazi. Wanafunzi Wasabato wa Makerere walikwenda mahakamani kwa ajili ya mitihani ya Jumamosi, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Uganda ikawakatalia. Kenya tulipata nafuu: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kuwalazimisha wanafunzi Wasabato masomo ya Jumamosi bila kuwatafutia njia ni ubaguzi.

KATEKISTA: Na sisi tunaopumzika Jumapili hatukuhitaji mahakama, kwa kuwa Mwingereza alituachia mapumziko tayari. Hilo nakupa, Mzee. Hata Muscat walihamisha mapumziko yao mwaka 2013 yawe Ijumaa na Jumamosi ili kwenda sawa na benki za dunia. Siku ya mapumziko anayeipanga ni mwenye fedha. Na nikupe la pili: Misa yetu ya Jumamosi jioni inahesabika ya Jumapili. Tukitaka, nasi tunahesabu kwa machweo.

MWALIMU: Basi tuiache kalenda. Amri hiyo imeandikwa mara mbili. Kutoka 20 inatoa sababu ya uumbaji: Mungu alipumzika. Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu nyingine kabisa: pumzika wewe, na mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kwa maana ulikuwa mtumwa Misri. Mahubiri ya Wasabato yanasimama kwenye uumbaji. Sijui kwa nini pwani hii, ambako misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia Kilwa na Lindi, hakuna mhubiri anayeanza na ile ya pili. Watu waliokuja na Steere wasingehitaji kuelezwa maana yake.

MZEE WA KANISA: Mimi nimeihubiri.

MWALIMU: Lini?

MZEE WA KANISA: Makambi ya mwaka juzi. Nilisema amri inamtaja mjakazi, inamtaja mgeni aliye ndani ya malango, inamtaja mpaka punda. Haikusema awe Msabato. Dada wa kazi nyumbani kwangu ni Mwislamu wa hapahapa Mingoyo. Jumamosi hafui, hapigi deki, hachoti maji, na mshahara haupungui.

BIBI: Mama yake namjua, anakusifu. Lakini Ijumaa je?

MZEE WA KANISA: Ijumaa ni siku ya maandalio, Bibi. Chakula cha siku mbili, nguo za kanisani, nyumba nzima isafishwe kabla jua halijazama. Ndiyo siku yenye kazi kupita zote.

BIBI: Ndiyo siku yake ya kuswali.

MZEE WA KANISA: Hajawahi kuomba ruhusa.

BIBI: Mwajiriwa wako wewe, akuombe vipi? Na wewe Makerere ulisema walikwenda mahakamani.

KATEKISTA: Mzee, hapo mimi simo.

MZEE WA KANISA: Usafi wa nyumba tunaweza kuuhamishia Alhamisi. Kupika, hapana, chakula kitachacha kwa joto hili. Ngoja nizungumze na mama watoto. Kuanzia saa sita mpaka saa nane, Bibi, zinatosha?